Muhugu: Mti mgumu uliowalisha wachongaji hadi ukaadimika

MNUNUZI anayesimama mbele ya kibanda cha vinyago jijini Nairobi au Mombasa huona twiga, vifaru, ndovu na vijiko vya mbao vilivyong'arishwa vikametameta. Ni nadra kwake kuuliza vilichongwa kutokana na mti gani. Hata hivyo, jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo kinyago kitadumu miaka mingi au kitapasuka baada ya miezi michache. Ndilo pia linaloamua iwapo pesa zake zimesaidia kuumaliza msitu, au zimempa mkulima sababu ya kupanda miti.

Kwa miongo mingi, jibu lilikuwa moja: muhugu. Mti huu ndio uliokuwa tegemeo kuu la wachongaji wa Kenya, na sifa zilizoufanya upendwe ndizo hizo hizo zilizouponza. Leo mchongaji analazimika kujifunza tabia za miti mingine, kama vile mwarobaini, mjakaranda na mwembe, la sivyo kazi yake itafikia kikomo.

Muhugu, ambao wataalamu wa mimea huuita Brachylaena huillensis na wafanyabiashara wa mbao duniani huutambua kwa jina muhuhu, ni mti wa ajabu kwa namna nyingi. Kwanza, ni wa jamii moja na alizeti. Mimea mingi ya jamii hiyo ni majani na vichaka vidogo, ilhali muhugu hurefuka hadi mita 20 na zaidi, ukawa na mbao ngumu kushinda nyingi zinazouzwa madukani.

Nchini Kenya, mti huu hupatikana katika misitu mikavu ya Pwani, hasa Arabuko-Sokoke ulio kati ya Kilifi na Malindi, na vilevile katika misitu ya nyanda za juu inayozunguka Nairobi kama vile Karura na Ngong. Unapatikana pia Tanzania, Msumbiji na hata Angola, ambako eneo la Huila ndiko lilikotoka jina lake la kitaalamu.

Shina la muhugu halinyooki kama la mti wa kupandwa. Aghalabu hupindapinda na kuwa na migongo na mabonde, na miti mikongwe huwa na uwazi katikati kwa sababu ya kuoza ndani. Kwa hivyo, si rahisi kupata ubao mrefu na mpana kutoka kwa mti huu. Jambo hilo ndilo lililoamua matumizi yake tangu zamani.

<b>Siri ya ugumu wake</b>

Ubao wowote umeundwa kwa seli nyingi ndogo zilizopangika kama mirija. Pale kuta za seli hizo zinapokuwa nyembamba na nafasi ndani yake kuwa kubwa, ubao huwa mwepesi na laini. Kuta zikiwa nene na nafasi ikawa finyu, ubao huwa mzito na mgumu. Muhugu uko katika kundi hili la pili. Mita moja ya ujazo ya mbao zake zilizokauka huwa na uzito wa kilo 900 hivi, na wakati mwingine hupita hapo. Kwa kuwa uzito wa maji ya kiasi hicho ni kilo 1,000, kipande cha muhugu huelea kwa shida.

Kiini chake huwa na rangi ya kahawia iliyochanganyika na manjano, na pengine ukijani kwa mbali, ilhali sehemu changa ya nje ni nyembamba na nyeupe. Nyuzi zake ni nyembamba mno na zimeshikana. Kwa sababu hiyo, mchongaji anaweza kutoa sikio la swara au mguu mwembamba wa twiga bila kuuvunja, na akaonyesha hata mikunjo ya ngozi ya ndovu. Ukipigwa msasa, ubao huu hung'aa wenyewe hata kabla ya kupakwa nta.

Aidha, muhugu hausinyai sana unapokauka, na ukishakauka hautikiswi sana na mabadiliko ya hali ya hewa. Kiini chake kina mafuta yenye harufu nzuri inayokaribia ile ya msandali. Mchwa na kuvu hawaupendi. Nguzo ya muhugu inaweza kukaa ardhini kwa miaka mingi bila kuoza.

Mafuta hayo yamewahi kukamuliwa kwa mvuke na kutumika katika utengenezaji wa manukato, ambapo kazi yake ni kuifanya harufu ikae muda mrefu. Hata hivyo, mafuta hayo hayo humsumbua mwenye msumeno kwa kuwa huganda kwenye meno yake, na ugumu wa ubao hufanya tezo na patasi kuwa butu upesi.

Kwa kuwa vipande vyake ni vifupi lakini vigumu, muhugu ulipata soko katika sakafu. Vipande vidogo vilipangwa kwa mishazari kwenye kumbi na majengo yanayopitwa na watu wengi, na vilistahimili kukanyagwa kwa miaka mingi bila kulika. Mbao hizo pia zilitumika kutengeneza madaraja madogo, mataruma ya reli na nguzo za ua, na matawi yake yakageuzwa kuni na makaa.

<b>Kutoka Wamunyu hadi masoko ya ng'ambo</b>

Historia ya uchongaji wa kibiashara nchini huanzia Wamunyu, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Machakos. Jamii ya Wakamba ilikuwa na mafundi wa mbao tangu jadi, waliotengeneza vigoda, mizinga ya nyuki na zana za nyumbani. Lakini anayetajwa kuwa mwanzilishi wa biashara ya vinyago ni Mutisya Munge, ambaye inasimuliwa kwamba alijifunza kazi hiyo kutoka kwa wachongaji aliowakuta Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa kati ya 1914 na 1918. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga na kuuza, na ujuzi huo ukaenea kwa jamaa na majirani.

Miongo iliyofuata, wachongaji kutoka Ukambani walihamia mahali palipokuwa na wanunuzi na miti. Wengine walikita kambi Gikomba jijini Nairobi, wengine Malindi, na wengine Changamwe mjini Mombasa, ambako kunapatikana chama cha ushirika cha Akamba Handicraft. Katika maeneo hayo, kazi iligawanywa kwa utaratibu. Mmoja huchonga umbo la awali kwa tezo, mwingine hutoa sura kwa patasi na kisu, na wengine, wakiwemo wanawake wengi, hupiga msasa, kupaka rangi na kung'arisha.

Mwanzoni, mafundi walitumia mpingo na miti mingine migumu iliyokuwa karibu nao. Mpingo ulipopungua, waligeukia muhugu. Pamoja nao ulikuwepo mutamaiyu, yaani mzeituni wa porini, wenye mistari ya kupendeza. Utalii ulipopanuka baada ya uhuru, mahitaji yaliongezeka kwa kasi. Tafiti zilizofanywa miaka ya 1990 zilikadiria kwamba watu wapatao 60,000 walikuwa wakijishughulisha na uchongaji nchini, na kwamba zaidi ya miti 50,000 ilikuwa ikikatwa kila mwaka kwa ajili ya kazi hiyo.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Muhugu haungeweza kustahimili mahitaji hayo kwa sababu ya maumbile yake. Mti huu hukua polepole mno. Shina lake huongezeka unene kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mti unaotosha kuchongwa kinyago kikubwa huenda ulichipuka kabla ya babu yake mchongaji kuzaliwa.

Kuzaana kwake pia ni kwa taabu. Muhugu una miti dume na miti jike. Mti jike uliobaki peke yake, baada ya madume ya karibu kukatwa, hauwezi kutoa mbegu zenye uhai. Hata mbegu zinapopatikana, nyingi huwa tupu au zimeharibiwa na wadudu, na zile nzuri hupoteza uwezo wa kuota baada ya muda mfupi. Mbaya zaidi, wakataji huchagua miti iliyonyooka na isiyo na kasoro, na hivyo kuacha ile dhaifu ndiyo iendeleze kizazi.

Hasara haikomei kwa mti wenyewe. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita 420 mraba hivi, ni makao ya bundi mdogo wa Sokoke na mnyama mdogo ajulikanaye kama sengi wa kiuno cha dhahabu, ambao ni nadra sana kuonekana kwingineko duniani. Miti mikongwe yenye mapango, kama ilivyo mihugu mingi, ni nyumba za ndege na wanyama wadogo. Inapoondolewa, nao hukosa pa kuzalia.

Serikali ilichukua hatua mwaka wa 1986 kwa amri ya rais iliyopiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya umma. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 nayo inafanya kuwa kosa kukata mti katika misitu hiyo bila kibali. Kimataifa, muhugu uliorodheshwa mwaka wa 1998 miongoni mwa miti inayokaribia kuwa hatarini. Lakini amri pekee hazikuweza kuzuia wizi wa miti maadamu mchongaji hakuwa na mti mbadala na mnunuzi hakuuliza lolote.

<b>Miti mbadala na tabia zake</b>

Ni katika miaka hiyo ya 1990 ambapo mashirika ya uhifadhi, yakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na watafiti wa misitu, yalianza kuwahimiza wachongaji kutumia miti inayokua upesi mashambani. Wazo lilikuwa rahisi: badala ya kumwambia fundi aache kazi inayolisha watoto wake, apewe mti ambao kuukata si kosa na kuupanda kuna faida.

Mti uliopewa nafasi ya kwanza ni mwarobaini. Mti huu uliletwa kutoka Asia Kusini na umezagaa kote Pwani, ambako unasifika zaidi kwa dawa. Jina lake linatokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Wachache hujua kwamba ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Kiini chake kina wekundu wa kupendeza, uzito wake ni kilo 700 hivi kwa mita ya ujazo, na uchungu ulio ndani yake huwafukuza wadudu. Muhimu zaidi, mwarobaini unaweza kufikia unene wa kuchongwa ndani ya miongo miwili au mitatu, jambo ambalo mkulima aliyeupanda akiwa kijana anaweza kulishuhudia.

Kasoro yake ni kwamba nyuzi zake hupishana, hivyo patasi ikielekezwa vibaya huchimbua ubao. Isitoshe, hupasuka iwapo utakaushwa kwa haraka.

Mjakaranda, uliotoka Amerika Kusini na ambao maua yake ya zambarau hupamba barabara za Nairobi kila mwaka, una tabia tofauti. Mbao zake ni nyeupe, nyepesi na laini. Fundi humaliza kinyago kwa muda mfupi bila kuchosha mkono, na rangi ya kupaka hushika vizuri. Lakini wepesi huo una gharama: kingo nyembamba huvunjika, wadudu watoboao mbao huupenda, na kinyago kikiachwa nje kwenye mvua hakichukui muda kuoza.

Mwembe nao hupatikana kwa wingi Pwani, hasa ile mizee ambayo haizai tena vya kutosha. Mbao zake huwa na michirizi ya rangi inayovutia kwenye bakuli na sahani, ila huingiwa na kuvu upesi ikiwa kigogo kitaachwa kimelala baada ya kukatwa. Mukima, ambao asili yake ni Australia na ambao wakulima wengi wa majani chai na kahawa huupanda mashambani, una madoadoa yanayong'aa kama fedha. Hata hivyo, vumbi lake huwawasha baadhi ya watu kwenye ngozi, kwa hivyo fundi hushauriwa kujifunika anapoupiga msasa.

<b>Kukausha ndiko kazi</b>

Tofauti kubwa kati ya muhugu na miti hii imo katika ukaushaji. Fundi aliyezoea muhugu angeweza kuchonga mti ukiwa mbichi, akaung'arisha na kuuza bila malalamiko mengi. Akifanya hivyo kwa mwarobaini au mwembe, mnunuzi atarudi na kinyago kilichopasuka kutoka kichwani hadi mkiani.

Sababu yake inaeleweka. Mti uliokatwa karibuni hubeba maji mengi, ambayo katika baadhi ya miti hufikia nusu ya uzito wote au zaidi. Maji yaliyo ndani ya mirija hutoka kwanza bila madhara. Lakini yanapoanza kutoka yale yaliyomo ndani ya kuta za seli, ubao husinyaa. Sehemu ya nje hukauka kabla ya ndani, ikawa inataka kusinyaa huku ndani ikiwa bado imejaa. Mvutano huo ndio unaozaa ufa. Kadiri kinyago kinavyokuwa kinene, ndivyo hatari inavyozidi.

Kwa hivyo, mafundi wenye uzoefu huchonga umbo la awali kwanza ili kupunguza unene, kisha hukiweka kinyago kivulini, mbali na upepo mkali. Wengine hukifukia ndani ya unga wa mbao au kukifunga kwa magunia ili maji yatoke polepole. Ncha za kigogo, ambako maji hutoka kwa kasi, hupakwa nta au rangi. Baada ya majuma au miezi kadhaa, kutegemea ukubwa, ndipo kazi ya kutoa sura na kung'arisha hukamilishwa. Penye tanuri la kukaushia mbao, muda huo hupungua sana.

Njia rahisi ya kujua iwapo ubao umekauka ni kuupima kwenye mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukisimama, ubao umelingana na hewa ya mahali hapo.

Lakini hata hapo kuna mtego. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima, hivyo ubao uliokauka huko bado huwa na maji kiasi. Kinyago hicho kinapofika Ulaya au Marekani na kuwekwa ndani ya nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi, hukuta hewa kavu mno na kuanza kusinyaa upya. Wengi hudhani walitapeliwa, ilhali tatizo ni tofauti ya hewa. Ndiyo maana wanaouza ng'ambo huhitaji tanuri ili kuukausha ubao zaidi ya vile hewa ya Pwani inavyoruhusu.

Juhudi hizo zimezaa matunda kiasi. Katikati ya miaka ya 2000, vinyago vya mwarobaini kutoka Pwani vilianza kuuzwa vikiwa na cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha kwamba mbao zimetoka mahali panapotunzwa vyema. Hata hivyo, cheti kina gharama, na wafanyabiashara wengi wa rejareja huvutiwa zaidi na bei ya chini. Utalii unapoyumba, kama ilivyotokea wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na tena janga la corona lilipozuka mwaka wa 2020, mchongaji hubaki na mzigo usionunuliwa na huwa vigumu kwake kulipa zaidi kwa mti halali.

Mnunuzi naye ana mchango wake. Kinyago cha muhugu ni kizito, cha rangi ya kahawia yenye manjano, na kikikwaruzwa kidogo chini hutoa harufu tamu. Cha mwarobaini kina wekundu na uzito wa wastani. Kile ambacho ni chepesi mkononi lakini cheusi tititi kinafaa kushukiwa: mara nyingi huwa mjakaranda uliopakwa rangi au dawa ya viatu, kikauzwa kwa bei ya mpingo. Mkwaruzo mdogo chini ya kinyago hufichua weupe ulio ndani.

Muhugu wenyewe haujatoweka. Bado umesimama Karura, Ngong na Arabuko-Sokoke, na miche yake inaweza kupandwa pale mbegu zenye uhai zinapopatikana. Lakini anayeupanda leo hatauchonga. Huenda hata mjukuu wake asiuchonge. Mwarobaini uliopandwa kando ya boma, kwa upande mwingine, unaweza kumlipia mtoto karo kabla hajamaliza masomo. Mafundi wa Changamwe na Wamunyu wakiendelea kupata miti hiyo, na wanunuzi wakikubali kulipia kinyago kilichokaushwa vyema, muhugu utapata muda unaouhitaji kuzaa na kukua tena msituni.